Shilingi 15,000 za kwenye skrini: kisa cha katibu wa kikundi cha akiba na kitanzi cha Python

## Mazingira

Kisa hiki ni cha mji mmoja wa mpakani mashariki mwa Uganda. Majina, tarehe na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa. Msimbo, yaani maagizo yaliyoandikiwa kompyuta, umeachwa ulivyoandikwa.

Darasa lilikuwa la watu wazima 14, jioni mbili kwa wiki, kwa wiki 12. Kompyuta zilikuwa saba, wawili wawili kwa mashine. Programu ya kuandikia ilikuwa Thonny, kwa sababu inakuja na Python, lugha ya kuandikia programu, ndani yake, ikishawekwa haidai intaneti, na ina kitufe chekundu cha kusimamisha kazi ambacho, kama itakavyoonekana, kilipata shughuli. Walikuwamo Wasamia, Wateso, Wagisu na wawili waliokuwa wakivuka kutoka upande wa Kenya. Lugha iliyowaunganisha ni ileile ya sokoni na ya forodhani. Maneno ya Python yenyewe hayakuguswa, lakini majina yote ya vigeu, yaani ya mahali programu inapohifadhi thamani, yaliandikwa kwa Kiswahili. Hilo lilifanywa makusudi: mwanafunzi akitazama mstari atambue papo hapo kwamba neno la Kiingereza ni la mashine, na neno la Kiswahili ni lake, anaweza kulibadilisha.

Mwanafunzi anayehusika, ambaye hapa ataitwa katibu, aliandika kumbukumbu za kikundi cha akiba na mikopo chenye wanachama 24. Mfumo wa vikundi hivi ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, na nchini Uganda umeenea sana. Kila kikao mwanachama hununua hisa, zisizozidi tano, kwa bei moja isiyobadilika mzunguko mzima. Kila hisa hupigwa mhuri mmoja katika kitabu chake. Fedha huhesabiwa na wahesabu wawili mbele ya macho ya wote, kisha huingia katika sanduku la kufuli tatu ambazo funguo zake zinakaa kwa watu watatu tofauti. Katika kikundi hiki hisa ilikuwa shilingi 5,000, na aliyekosa pesa siku hiyo aliruhusiwa hisa sifuri.

Jambo moja la kukumbuka: kitanzi, yaani mistari ambayo programu huirudia yenyewe, ambacho walimu wengine hukiita lupu, kilikuwa kimeshafundishwa wiki ya tatu. Zoezi lilikuwa kuchapa namba 1 hadi 10, kisha jedwali la saba. Wote walifaulu, katibu akiwamo.

## Kilichotokea

Wiki ya sita katibu alileta programu aliyoiandika mwenyewe nyumbani ili impunguzie kazi ya kujumlisha kikaoni. Ilikuwa na mistari 98. Mstari wa kwanza ulikuwa `jumla = 0`, wa mwisho ulichapa jumla, na katikati kulikuwa na vipande 24 vya mistari minne minne, kimoja kwa kila mwanachama. Alikuwa ameandika kipande cha kwanza kwa mkono, akakinakili na kukibandika mara 23, kisha akapita kubadilisha namba.

Programu ilikimbia bila kosa lolote. Walimu waliipongeza, na hawakuisoma mstari kwa mstari. Katibu akaenda nayo kikaoni.

Siku hiyo skrini ilionyesha jumla ya 320,000. Wahesabu walikuwa na 305,000 mezani. Wakahesabu tena: 305,000. Programu ikakimbizwa upya, namba zilezile zikaingizwa: 320,000.

Aliyekuwa mashakani sasa ni mweka hazina, mama wa makamo aliyeshika kazi hiyo kwa mizunguko mitatu. Alipouliza kama mashine inaweza kukosea, mwanachama mmoja alimjibu, "Kompyuta haili pesa, mama. Anayekula ni mtu." Sentensi hiyo ndiyo iliyogeuza hitilafu ya mstari mmoja kuwa kesi.

Mwenyekiti aliokoa jahazi kwa njia ya zamani. Aliagiza vitabu vyote 24 vikusanywe na mihuri ya siku hiyo ihesabiwe kwa sauti. Ilikuwa 61. Mara 5,000 ni 305,000. Sanduku lilikuwa sahihi, skrini ilikuwa na hisa tatu zisizokuwa na mwenyewe.

Kesho yake jioni katibu alifungua msimbo mbele ya mwalimu. Kosa lilikuwa katika kipande cha mwanachama wa 17:

```
hisa17 = int(input("Hisa za mwanachama 17: "))
fedha17 = hisa17 * 5000
jumla = jumla + fedha16
print("Mwanachama 17:", fedha17)
```

Mstari wa tatu unajumlisha `fedha16`. Mwanachama wa 16 alinunua hisa nne, wa 17 hisa moja. Hivyo wa 16 alihesabiwa mara mbili, wa 17 hakuhesabiwa kabisa, na tofauti ni hisa tatu: 15,000.

Kwa nini Python haikulalamika? Kwa sababu `fedha16` ipo. Iliundwa kipande kimoja nyuma na bado ina thamani yake. Kama katibu angekosea kwa kuandika `fedha71`, programu ingesimama na kusema jina hilo halijulikani, na kosa lingekamatwa sebuleni kwake. Kosa la kunakili na kubandika lina ubaya huu: karibu kila mara huangukia jina ambalo lipo, la kipande cha jirani.

Tena tazama mstari wa nne. Unachapa `fedha17`, nayo ni sahihi: 5,000. Kwa hiyo mistari yote 24 iliyotokea kwenye skrini ilikuwa kweli tupu, na katibu aliilinganisha na vitabu mmoja mmoja akaridhika. Uongo ulikuwa kwenye jumla peke yake.

Katika kila kipande namba ya mwanachama inatokea mara saba: mbili mstari wa kwanza, mbili wa pili, moja wa tatu, mbili wa nne. Mara 23 ni mabadiliko 161 ya mkono. Katibu alipatia 160. Ni vigumu kumwita mzembe.

## Uamuzi: mstari kwanza, somo baadaye

Walimu wawili hawakuafikiana. Mmoja alitaka kosa lisiguswe hadi kipindi kijacho, darasa zima lilitafute lenyewe, kwani mfano mzuri kama huo hauji mara mbili. Mwingine alisema jina la mama wa watu liko mdomoni mwa kijiji, na darasa linaweza kusubiri.

Hoja ya pili ilishinda. `fedha16` ikabadilishwa kuwa `fedha17` jioni ileile, programu ikakimbizwa kwa namba za kikao, ikatoa 305,000, na katibu akaenda na karatasi mkononi kumwonyesha mwenyekiti mstari wenyewe. Faili lenye kosa lilihifadhiwa kando kwa ajili ya darasa. Kwa hiyo hakuna aliyepoteza kitu, na ubishi ungeweza kuwa mfupi zaidi.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutomwandikia katibu kitanzi. Kilimchukua mwalimu dakika mbili kukiona kichwani. Lakini katibu alikuwa *ameshafundishwa* kitanzi na hakukitumia, kwa hiyo shida haikuwa kutojua namna kinavyoandikwa. Kumpa msimbo uliokamilika kungeficha shida hiyo.

## Kutoka mistari 98 hadi 11

Kipindi kilichofuata vipande vya mwanachama 1, 2 na 3 vilichapwa kwenye karatasi, kimoja chini ya kingine. Kila jozi ilipewa kalamu na agizo moja: zungushia duara kila kitu ambacho si sawa katika vipande vyote vitatu. Baada ya dakika tano karatasi zote zilikuwa na maduara yaleyale saba kwa kila kipande, na ndani ya kila duara palikuwa na namba tu.

Hapo ndipo mjadala wa maana ulipozuka. Katibu alisema hakuwahi kuona marudio, kwa sababu kwake hawa ni watu 24, kila mmoja na kitabu chake, deni lake na jina lake. Katika zoezi la wiki ya tatu marudio yalikuwa wazi: moja, mbili, tatu. Hapa A16 na A17, yaani mwanachama wa 16 na wa 17, si marudio, ni majirani zake wawili. Mwalimu aliuliza: "Mezani, unamfanyia A17 kitu gani ambacho hukumfanyia A16?" Akafikiri. Hakuna. Anauliza hisa, anazidisha, anajumlisha, anaandika.

Kitanzi cha kwanza walichoandika wenyewe kilikuwa hiki:

```
for i in range(1, 24):
    jumla = 0
    hisa = int(input("Hisa za mwanachama " + str(i) + ": "))
    fedha = hisa * 5000
    jumla = jumla + fedha
    print("Mwanachama", i, fedha)
print("Jumla:", jumla)
```

Kosa la `fedha16` haliwezi kuzaliwa hapa, maana kuna `fedha` moja tu. Lakini makosa mengine mawili yameingia, na yote mawili ni ya kawaida sana kwa anayeanza.

Kwa bahati kulikuwa na kipimo: kikao cha mihuri 61, ambacho jibu lake, 305,000, lilijulikana na kila mtu chumbani. Programu ilitoa 25,000.

Sababu ni `jumla = 0` kuwekwa ndani ya kitanzi. Kila zamu inapoanza, jumla inafutwa. Kinachobaki mwishoni ni fedha ya zamu ya mwisho tu, na mwanachama wa 23 alinunua hisa tano. Kulieleza hili kwa maneno hakukusaidia. Nusu ya darasa waliitikia kwa kichwa na wakalirudia kosa kwenye faili jingine. Kilichosaidia ni mkebe na maharage. Watu wanne walipanga foleni wakiwa na punje 3, 5, 0 na 2. Wa tano alishika mkebe ulioandikwa *jumla*. Mara ya kwanza aliumwaga mkebe kabla ya kila mtu kutia. Mwishoni zilikuwamo punje mbili. Mama mmoja aliyekuwa kimya tangu wiki ya kwanza akauliza, "Sasa mwalimu, nani humwaga sanduku kila mtu akifika mezani?" Tangu hapo darasa liliita kosa hilo *kumwaga sanduku*.

Baada ya mkebe walijaza jedwali kwa penseli, kila zamu mstari mmoja:

| Zamu | hisa | fedha | jumla, sifuri nje | jumla, sifuri ndani |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 3 | 15,000 | 15,000 | 15,000 |
| 2 | 5 | 25,000 | 40,000 | 25,000 |
| 3 | 0 | 0 | 40,000 | 0 |
| 4 | 2 | 10,000 | 50,000 | 10,000 |

Angalia zamu ya kwanza: safu mbili za mwisho zinafanana. Anayejaribu programu yake kwa mwanachama mmoja hawezi kuliona kosa hili. Anayejaribu kwa wawili analiona.

Sifuri ilipotolewa nje, jumla ikawa 295,000. Imepungua 10,000. Hapa darasa lilikuwa na kasi zaidi: mtu alikumbuka kwamba programu haikumuuliza mwanachama wa 24, aliyenunua hisa mbili. `range(1, 24)` huanza na 1 na kuishia 23. Namba ya mwisho ni mpaka usiovukwa. Kwa watu wa mpakani mfano ulikuwa mlangoni: ukifika kwenye kizuizi unasimama, huingii ng'ambo. `range(1, 25)` ikatoa 305,000.

Mwalimu hakutaka waishie hapo. Kukariri kuongeza moja ni dawa ya muda, na mwanachama wa 25 akijiunga mtu atasahau. Afadhali kutohesabu kabisa na kupita juu ya orodha yenyewe: `for namba in wanachama`. Orodha ikirefuka, kitanzi kinarefuka nayo.

## Kitanzi ndani ya kitanzi, na skrini iliyofurika

Katibu alitaka programu ikatae hisa 50 pale kidole kinapogusa sifuri baada ya tano. Hilo linahitaji `while`, kitanzi kinachorudia maadamu sharti lake ni kweli, kwa sababu haijulikani mtu atakosea mara ngapi kabla ya kupatia. Aliandika:

```
while hisa < 0 or hisa > 5:
    print("Hisa ni 0 hadi 5")
```

Akajaribu 50. Skrini ikajaa maneno yaleyale, mstari juu ya mstari, na kompyuta ikaanza kuvuma. Mwenzake alinyoosha mkono kuchomoa waya. Kitufe chekundu cha Thonny, au Ctrl na C pamoja, kinatosha.

Kitanzi kinauliza: hisa imezidi tano? Ndiyo, ni 50. Kinachapa onyo, kinarudi kuuliza, na hisa bado ni 50, kwani hakuna mstari ndani yake unaompa mtu nafasi ya kuibadilisha. Dawa ni kuweka `input`, inayomuuliza mtu jibu, ndani ya `while`. Jozi nyingine ilipata kosa la kinyume: waliandika `and` (na) badala ya `or` (au). Hakuna namba iliyo chini ya sifuri na papo hapo juu ya tano, kwa hiyo kitanzi hakikuwahi kuamka na 50 ikapita bila kuulizwa. Hili ni baya kuliko skrini kufurika, maana halipigi kelele.

Kisha kikao cha majaribio kikaonyesha kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Kwa mwanachama wa 19 katibu aligusa kitufe cha Enter bila kuandika kitu. `int`, inayogeuza maandishi kuwa namba, ikipewa nafasi tupu haijui la kufanya. Programu ikafa, na namba 18 zilizokwisha kuingizwa zikaenda nayo. Herufi O badala ya sifuri ilileta balaa hilohilo. Toleo lililobaki linapima jibu kabla ya kuligeuza kuwa namba:

```
bei = 5000
jumla = 0
wanachama = ["A01", "A02", "A03"]   # endelea hadi A24

for namba in wanachama:
    jibu = input("Hisa za " + namba + ": ")
    while not jibu.isdigit() or int(jibu) > 5:
        jibu = input("Andika 0 hadi 5: ")
    fedha = int(jibu) * bei
    jumla = jumla + fedha
    print(namba, fedha)

print("Jumla ya leo:", jumla)
```

Mistari 11, ukiacha iliyo mitupu. Mpangilio wa masharti kwenye `while` una maana: `isdigit`, inayopima kama jibu ni tarakimu tupu, inatangulia, na jibu lisipokuwa tarakimu Python haifiki kwenye `int` hata kidogo. Ukiyageuza masharti, Enter tupu itaiua programu kama zamani. Alama ya kutoa nayo si tarakimu, hivyo hisa hasi inakataliwa bila sharti la ziada.

Mstari wa mwisho umeegemea ukutani, hauna nafasi mbele yake. Ukisogezwa ndani kwa nafasi nne, jumla inachapwa mara 24, ikikua hatua kwa hatua. Jozi mbili zilifanya hivyo na zikapenda kuiona jumla ikipanda. Si kosa, mradi mtu amekusudia.

## Matokeo

Kikundi kiliitumia programu mpya sambamba na vitabu. Vikao viwili vya kwanza jumla zililingana. Kabla ya cha tatu katibu aliongeza sehemu ya kuwaondoa wasiohudhuria, ili wapigwe faini ya 1,000:

```
for namba in wanachama:
    if namba in hawapo:
        wanachama.remove(namba)
```

Aliijaribu nyumbani kwa A03 na A11. Wote wawili waliondoka. Kikaoni waliokosekana walikuwa A07 na A08, ndugu wawili waliokwenda mnadani pamoja. Programu ilimwondoa A07 na kumwacha A08 kama aliyehudhuria. Mmoja akapigwa faini, mwenziwe akapona, na nyumba ni moja.

Kitanzi kinatembea kwa nafasi. A07 yuko nafasi ya saba. Akiondolewa, A08 anasogea kuikalia nafasi hiyo, lakini kitanzi kimeshaamua kwenda ya nane, ambako sasa amekaa A09. A08 amerukwa bila kuangaliwa. Ndivyo inavyokuwa mtu akitoka kwenye foleni wakati karani anahesabu kwa kunyoosha kidole. Jaribio la nyumbani lisingeweza kuliona hili kwa kuwa A03 na A11 hawakai jirani.

Katibu alilirekebisha kwa kujenga orodha ya pili, bila kugusa ile anayotembelea:

```
waliopo = []
for namba in wanachama:
    if namba not in hawapo:
        waliopo.append(namba)
```

Faini ilisahihishwa kikao kilichofuata. Safari hii hakuna aliyetajwa kwa wizi, swali la kwanza la mwenyekiti lilikuwa, "Vitabu vinasemaje?"

## Uchambuzi

Lililofeli mapema zaidi ni zoezi la wiki ya tatu. Kuchapa 1 hadi 10 kunafundisha namna ya kuandika `for`, na kazi ya kutambua marudio inakuwa imeshafanywa na mwalimu kabla mwanafunzi hajakaa. Katika kazi halisi marudio huja yamevaa majina ya watu, mashamba, au magunia ya mahindi. Zoezi la kalamu na maduara lingepaswa kutangulia kitanzi chenyewe. Gharama yake ni karatasi chache.

Na kunakili na kubandika kusionekane dhambi. Vipande viwili au vitatu vilivyoandikwa kirefu ndivyo vilivyowapa wanafunzi kitu cha kulinganisha. Aliyeanza moja kwa moja na `for` mara nyingi hajui nini kiwe ndani na nini kibaki nje. Swali lililowafaa lilikuwa la sehemu tatu, na waliliandika ubaoni: kipi kinafanyika mara moja kabla ya foleni kuanza, kipi kwa kila mtu, kipi mara moja baada ya foleni kwisha? `jumla = 0` ni ya kwanza, `input` ni ya pili, `print("Jumla ya leo:", jumla)` ni ya tatu. Makosa mawili kati ya yale ya darasani ni mistari iliyokaa chumba kisicho chake.

Kigeu kimoja kisicho na namba kilisaidia kuliko ufupi wa msimbo. Watu husifu kitanzi kwa kupunguza uandishi, na ni kweli mistari 98 ikawa 11. Lakini ufupi haukumlinda mweka hazina. Kilichomlinda ni kwamba `fedha` moja haina jirani wa kuchanganywa naye, na `bei` iko mahali pamoja. Katika faili la zamani 5,000 iliandikwa mara 24. Mwalimu alipoomba bei ijaribiwe kwa 2,000, jozi moja ilibadilisha 23.

Majaribio yalikuwa hafifu hadi mwisho. Kuingiza namba 24 kwa mkono kila unapojaribu kunachosha, na aliyechoka hajaribu. Baadaye darasa liliweka `[3, 5, 0, 2]` kama orodha ndani ya faili na kuipitisha kwenye kitanzi bila kuuliza mtu. Orodha hiyo fupi ina sifuri, ina kiwango cha juu kabisa, na kabla ya ile ya mwisho zipo zisizo sifuri, kwa hiyo kumwaga sanduku kunaonekana. Kwa wasiohudhuria, wanaofaa kujaribiwa ni wawili wanaofuatana, wa kwanza peke yake, wa mwisho peke yake, na siku ambayo hakuna aliyekosa.

Kupotea kwa namba umeme ukikatika hakukutatuliwa. Toleo la mistari 11 bado linahifadhi kila kitu kwenye kumbukumbu ya mashine tu. Ingetosha kuandika kila jibu kwenye faili ndani ya kitanzi, zamu kwa zamu, lakini kozi iliisha kabla ya somo la mafaili.

Kosa la walimu lilikuwa kuacha programu ambayo haijasomwa iingie kikaoni kama mwamuzi. Sehemu iliyoongezwa baadaye, chini ya kitanzi, inauliza hesabu ya mezani:

```
sanduku = int(input("Fedha zilizohesabiwa mezani: "))
if sanduku == jumla:
    print("Zimelingana")
else:
    print("Tofauti:", jumla - sanduku)
```

Mstari wa `print("Jumla ya leo:", jumla)` ulisogezwa chini ya hapo, ili wahesabu wataje yao kabla ya kuiona ya skrini. Aliyeshaona 320,000 huhesabu akiitafuta 320,000. Na kwa kuwa faini na mfuko wa jamii, yaani fedha za kusaidiana, hukaa kando, tofauti yenyewe inaelekeza pa kuanzia: ikigawanyika kwa 5,000 bila baki, uwezekano mkubwa ni hisa iliyoingizwa vibaya, fungueni vitabu, ikibaki 1,000 au 2,000, rudini mezani mkahesabu noti.